POCHI IKIPOTEA UGENINI

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kangemi, Nairobi. Tumeyapanga upya kidogo ili yaweze kusomwa kwa sauti katika mikutano ya vikundi.



  Leo hatukuja kuzungumza juu ya kuku, wala matangi ya maji, wala matuta ya kuzuia mmomonyoko. Tumekuja na kitu kidogo kinachokaa mfukoni au kifuani: pochi. Tena tunazungumza juu ya pochi inayopotea mahali ambapo hujulikani, katika nchi ambayo si yako.

Mtu atauliza, je, hili nalo ni jambo la maendeleo? Sisi tunasema ndiyo. Tumeona vikundi vilivyohimili ukame na bei mbaya ya mahindi, halafu vikatikiswa na pochi moja iliyopotea kwenye matatu.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA HABARI HII SASA

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Miaka ile kikundi cha Namanga au Taveta kumtuma mjumbe ng'ambo kilikuwa kitendawili. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho tu. Mwaka 2018 vituo vya mpakani vya Busia na Namanga vilizinduliwa vikiwa na ofisi za nchi zote mbili chini ya paa moja.

Haya ni mazuri. Kwa sababu hiyo vikundi vinasafiri. Wengine wanakuja Nairobi kununua vitambaa na vipuri vya mashine za kusaga. Wengine wanaleta vikapu na shanga. Wengine wanakuja kutembelea vikundi vya huku kwetu ili kubadilishana mawazo. Lakini mpaka kuwa rahisi hakuna maana kwamba ugeni umekwisha. Ukipoteza karatasi zako, utagundua mara moja kwamba nchi bado ni mbili.

NAIROBI MACHONI PA MGENI

Mgeni wa basi kutoka Kampala au Arusha mara nyingi hushukia katikati ya mji, upande wa Accra Road na River Road. Hapo kuna watu wengi, mizigo mingi na kelele nyingi. Akitaka kuja huku kwetu magharibi, yaani Westlands, Kangemi, Uthiru au Kawangware, lazima atafute steji ya matatu nyingine, akiwa amechoka, na mkono mmoja umeshika begi. Saa hiyo ndiyo saa ya mwizi.

Tuwaeleze mbinu chache ambazo watu wa hapa wanazijua, lakini mgeni hazijui.

Ya kwanza ni kitita cha pesa. Mtu anatembea mbele yako, anadondosha kitita. Mwingine anakiokota na kukunong'oneza, "Tugawane." Mkiingia kichochoroni, yule wa kwanza anarudi akilia na kutaka kuwapekua. Pochi yako inaondoka, na kile kitita ni makaratasi matupu.

Ya pili ni mkanda wa kiti. Uko kwenye matatu, jirani yako anahangaika na mkanda, anakuomba umsaidie kuuvuta. Mikono yako yote miwili iko kwenye mkanda, mkono wake uko kwenye mfuko wako.

Ya tatu ni watu wanaojiita askari wa kanjo au polisi, bila sare, wanaokuambia utoe pasipoti na pesa "zikaguliwe." Usifungue pochi barabarani. Sema kwa heshima, "Sawa afande, twende kituoni." Mwongo hapendi kufika kituoni.

Ya nne ni chakula au kinywaji cha rafiki wa njiani. Hapa mjini dawa ya kulevya inayotiwa humo huitwa mchele. Ukiila hiyo, utaamka bila pochi na pengine bila viatu.

HABARI YA MWEKA HAZINA MMOJA

Tutasimulia jambo moja, bila jina na bila kijiji, kwa maana mwenyewe ameturuhusu kwa sharti hilo.

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha ushonaji kutoka upande wa Tanzania, alikuja Nairobi kununua vitambaa. Alikuwa peke yake. Ndani ya pochi moja alikuwa ameweka pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, simu, karatasi yenye nambari ya mwenyeji wake wa Kangemi, na shilingi elfu 18 za Kenya. Fedha hizo zilikuwa jasho la akina mama 22, waliochanga kila Jumanne kwa muda wa miezi saba.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Alipanda matatu mjini, akashuka hapa juu ya barabara ya Waiyaki, na alipotia mkono kifuani pa kanga hakukuta kitu. Alikaa chini kando ya kibanda cha mama mboga akashindwa hata kulia. Mama mboga yule hakumuuliza maswali mengi. Alimpa maji, akafunga kibanda chake mapema, akamleta parokiani.

Sasa sikilizeni vizuri. Nambari moja tu ya simu ndiyo aliyoijua kwa kichwa, ya katibu wa kikundi. Tukampigia kwa simu yetu. Kumbe yule mwizi alikuwa ametangulia! Simu iliyoibwa haikuwa na namba ya siri. Katibu alikuwa amekwisha kupokea ujumbe kutoka kwenye nambari ya mweka hazina wenyewe: "Nimepata shida, ile pesa tuma kwenye namba hii."

Kwa hiyo katibu alikuwa na ujumbe wa uongo kutoka nambari anayoijua, na sauti ya kweli kutoka nambari asiyoijua. Angefanyaje? Katibu huyo ana akili. Alisema, "Mama, kama ni wewe kweli, niambie mkutano wetu wa mwisho tulikula nini." Mama akajibu, "Makande, dada, na chumvi ilizidi, nawe ndiye uliyepika." Hapo wote wawili wakaanza kulia kwa simu.

YA KUFANYA, SAA KWA SAA

Kutokana na visa kama hicho, tumepanga hatua zifuatazo. Mtu mmoja katika kila kikundi aziandike.

1. Saa ya kwanza: tulia, tena ondoka mahali pa hatari. Usimkimbilie mwizi kichochoroni. Usipige mayowe ya "mwizi" ukimnyooshea kidole mtu usiye na hakika naye. Watu wasio na hatia wamepigwa na hata kuuawa namna hiyo. Ingia dukani, kanisani, msikitini au ofisini, ueleze.

2. Funga milango ya pesa. Kama simu imepotea pia, azima simu. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga 100 aombe laini na M-Pesa vifungwe. Atajibu maswali ya kuthibitisha kwamba ni yeye. Mwenye laini ya nchi nyingine awasiliane na kampuni yake. Mwenye kadi ya benki aiambie benki yake siku hiyo hiyo.

3. Nenda polisi, usingoje kesho. Kama umeibiwa katikati ya mji, Kituo cha Kati kiko University Way. Huku magharibi kuna vituo vya Parklands, Kabete na Muthangari. Nambari za dharura ni 999 na 112. Utaeleza yaliyotokea na yataandikwa kwenye kitabu cha matukio, ambacho watu wote hapa hukiita OB. Andika ile nambari ya OB. Kisha omba abstrakti, yaani hati ya polisi inayoonyesha kwamba umeripoti kupotelewa na vitu fulani. Taja kila kitu: pasipoti, kadi, kiasi cha fedha. Usiongeze, usipunguze. Hati hii ndiyo mguu wa kwanza wa kila hatua inayofuata. Mkenya akipotelewa na vitu Tanzania, atakwenda vivyo hivyo polisi kuomba hati ya taarifa ya upotevu.

4. Nenda kwa ubalozi wa nchi yako. Kati yetu nchi za Jumuiya ya Madola huitwa Ubalozi Mkuu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za kibalozi unasema kwamba kuwapa raia hati za kusafiria na kuwasaidia ni sehemu ya kazi za ubalozi. Basi usiende kama mwombaji, nenda kama raia. Lakini pia usitarajie kwamba watakulipia vitambaa vilivyopotea. Kazi yao kubwa hapo ni kuhakikisha kwamba wewe ni raia wao na kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Uende na abstrakti, picha ndogo za pasipoti, na kitu chochote kinachoonyesha uraia wako. Nakala ya pasipoti iliyopotea itakusaidia kuliko maneno elfu. Kama ukiambiwa kuna jambo la uhamiaji la kumaliza na serikali ya Kenya, makao ya idara hiyo ni Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway.

5. Kumbuka kalenda. Ofisi za balozi hazifunguliwi Jumamosi na Jumapili kwa kazi za kawaida. Yule mama aliibiwa Ijumaa jioni. Kwa hiyo alihitaji kulala na kula siku tatu kabla ya kubisha hodi popote. Ndiyo maana mwenyeji ni muhimu kuliko hoteli.

6. Kupata nauli. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu husema, "Nitumieni pesa." Sawa, lakini utazipokea vipi? Wakala wa simu atakuuliza kitambulisho. Ofisi za kutuma fedha kutoka nchi za nje zitakuuliza kitambulisho. Nacho ndicho kilichoibwa! Njia iliyo rahisi ni mwenyeji anayeaminika kuzipokea kwa jina lake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na tangu 2015 mtu wa M-Pesa ya Tanzania anaweza kutuma kwa mtu wa M-Pesa ya Kenya. Fedha zikifika, mwenyeji na mgeni waandikiane karatasi: zimeingia ngapi, zimetumika ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA WALIOBAKI NYUMBANI

Ninyi mnaobaki kijijini mna kazi yenu. Mkipata ujumbe wa shida, msitume kitu kabla ya kusikia sauti. Mkisikia sauti, ulizeni swali ambalo mwizi hawezi kulijibu, kama yule katibu. Vikundi vingine vimeamua kuwa na neno la siri kabla mjumbe hajaondoka. Ni jambo la dakika moja, tena halina gharama.

Na pesa mkituma, tumeni kiasi cha nauli, chakula na hati. Msitume akiba yote iliyobaki kwa sababu ya huruma. Aliyeibiwa mara moja, ametikisika. Si wakati wa kumbebesha mzigo mwingine.

MWIZI AU ALIYEIBIWA?

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Yule mama alipata hati yake wiki iliyofuata, akarudi kwao salama kupitia Namanga. Sisi tulidhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Alipofika, wengine walimkumbatia. Wengine walisema pembeni, "Nairobi gani hiyo inayokula pesa za kikundi tu na yeye anarudi mzima? Amezila." Hakuna aliyemwambia usoni. Alikuwa akipita kisimani, mazungumzo yananyamaza. Alituambia baadaye kwamba yale maneno ya kisimani yalimuuma kupita kuibiwa kwenyewe.

Mkutano uliitwa. Alileta ile abstrakti ya polisi na karatasi ya mapokezi ya nauli. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Halafu mzee mmoja mshauri akauliza swali moja tu: "Ni nani aliyeamua kwamba huyu mama aende peke yake, na pesa zote mkononi?" Wakafungua daftari la mikutano. Halikuwa na neno hata moja. Hakuna aliyeamua; ilitokea tu. Wakatazamana.

Waliamua kwamba hasara ni ya kikundi, si ya mtu mmoja, kwa sababu kikundi ndicho kilichomtuma vile. Walianza kuchanga upya. Wanachama wawili waliondoka na mpaka leo hawajarudi. Waliobaki 20 wanashona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hatuwezi kudanganya kwamba koleo halikuvunjika.

Tunasimulia haya kwa sababu upole peke yake haulindi mtu, na ukali peke yake haurudishi fedha. Kinachomlinda mjumbe mwaminifu ni maandishi yaliyofanywa kabla ya safari. Na maandishi hayo hayo ndiyo yatakayomfichua asiye mwaminifu, kama yupo. Kumwandikia mtu si kumshuku. Ni kumpa ngao.

TUNAYOSHAURI KABLA YA SAFARI

- Mjumbe wa fedha asitumwe peke yake. Wakiwa wawili, hata mmoja akiibiwa, mwingine ana nauli na ana ushahidi.
- Daftari lionyeshe: nani anakwenda, kwa nini, na kiasi gani, nani ameamua. Wote watie sahihi au dole gumba.
- Andikeni kabla: hasara ikitokea kwa wizi uliothibitishwa na hati ya polisi, nani ataibeba? Ni rahisi kukubaliana kabla ya msiba kuliko siku ya msiba.
- Fedha nyingi zisisafiri mfukoni. Mkiweza, zitumwe kwa simu kwa mwenyeji au kwa mwenye duka anayejulikana, baada ya mjumbe kuona mali kwa macho.
- Fedha za njiani zigawanywe mahali patatu. Ile pochi ya mkononi iwe na nauli ya siku hiyo tu.
- Pasipoti na kadi ya homa ya manjano zisikae pamoja na pesa. Zitolewe nakala: moja ibaki na katibu, moja iwe ndani ya begi.
- Simu iwe na namba ya siri, hata kama ni ile ya mulika mwizi.
- Kila msafiri ajue nambari mbili za simu kwa kichwa: moja ya nyumbani, moja ya mwenyeji. Watoto wetu wanakariri nyimbo za matangazo. Sisi tutashindwa na tarakimu kumi?
- Mkiweza, fikeni Nairobi mchana, tena siku ya kazi.

NENO KWA WENYEJI

Wenzetu wa Kangemi, Kawangware na Uthiru mliopo hapa, tunajua kwamba wengi wenu mlifika huku mkiwa wageni pia, kutoka Vihiga, Kisii, Kitui na kwingineko. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mama mboga hakuwa na ofisi wala diploma kama sisi. Alikuwa na maji, kibanda na moyo. Alipoteza mauzo ya jioni ile. Kama yeye angepita tu, hatua zote tulizohesabu hapa zisingeanza.

Mkimwona mtu wa namna hiyo, msimpe pesa mkamwacha gizani. Mfikisheni kituoni, au kwa chifu, au kwa viongozi wa dini yoyote. Nendeni wawili, kwa usalama wenu. Na ukiokota pasipoti au kitambulisho cha mtu, usikifiche ukingoja zawadi. Kipeleke polisi siku hiyo. Kwako ni kijitabu kidogo, lakini mwenzako amekwama ugenini kwa ajili yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mjumbe wetu wa mwisho kusafiri alibeba fedha kiasi gani? Je, imeandikwa wapi?
2. Kama angepoteza zote, tungemwamini? Tungetumia nini kumwamini?
3. Nani kati yetu anajua kwa kichwa nambari ya simu ya mwanakikundi mwingine? Tujaribu sasa hivi, simu zikiwa mifukoni.
4. Neno letu la siri litakuwa lipi? (Swali hili lijibiwe bila wageni kuwapo, wala lisiandikwe.)
5. Je, kuna mwenzetu tuliyemnyamazia kisimani kwa ajili ya hasara ya zamani? Tutamwendea lini?

Ndugu zetu, swali la tano ndilo gumu. Msiliruke. Kikundi kitakachojibu swali hilo kituandikie, tupate kuwashirikisha wenzetu wengine.